Kabla ya kiboko, jongoo

Wageni wengi wa Haller Park, mbuga ya wanyama iliyooteshwa ndani ya machimbo ya zamani hapa Bamburi, Mombasa, hukimbilia twiga, kisha huuliza viboko wako wapi. Kazi yangu ni kurudisha mimea kwenye ardhi iliyochimbwa, kwa hiyo mimi humpeleka mgeni wangu kwanza chini ya mti wa mvinje nikamwonyesha jongoo.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe ya kale. Mawe yalipokwisha kutolewa pakabaki sakafu ya mwamba mtupu: udongo hakuna, jua linachoma kutoka juu na kurudi kutoka chini, na maji ya chumvichumvi yako karibu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda humo. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu, tatu tu zilistahimili, mvinje ukiwa mmojawapo.

Mvinje hauna haja ya udongo mzuri, maana mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Tatizo ni majani yake yaliyo kama sindano. Yana tanini nyingi, kemikali inayochelewesha kuoza, hivyo hayaozi upesi, yalirundikana tu. Ndipo wakaletwa jongoo wenye miguu myekundu, wanaoyatafuna bila shida. Chomeka kidole hapo chini uone: juu sindano kavu, kisha vipande vilivyotafunwa, kisha mboji nyeusi iliyotokana na vinyesi vyao, halafu kidole kinagonga mwamba. Msitu wote umesimama juu ya tabaka hilo, na kwangu hao jongoo ndio wenye mbuga.

Vidimbwi vyenye samaki, mamba na viboko navyo vinatokana na maji ya ardhini. Ufukoni kwetu maji ya mvua yaliyopenya mwamba huelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa makadirio, kila mita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na mita 40 za maji hayohayo chini ya usawa huo. Ndiyo maana anayevuta maji mno kwa pampu huipandisha chumvi mwenyewe.

Naulizwa sana kama matimbo mengine, yaani mashimo yaliyoachwa na uchimbaji wa mawe, yanaweza kuwa maziwa ya kuogelea. Yanaweza, ila si pamoja na viboko, na si kwa kuta zilizosimama wima. Mtoto akitumbukia kwenye timbo la namna hiyo hapati pa kukanyaga wala pa kushika. Matete nayo hayapati pa kuotea, na bila matete samaki wadogo hawana maficho na korongo hana pa kuvulia. Mteremko mmoja wa taratibu unawafaa wote hao, nao hukatwa tingatinga zikiwa bado zimo shimoni, kabla maji hayajaingia. Majirani wa timbo linalokaribia kufungwa, udaini huo mteremko sasa.