Siri zinazokaa wazi ndani ya msimbo wa tovuti

Mteja akinipa tovuti yake niichunguze usalama wake, kwanza tunatia sahihi karatasi: kurasa zipi, tarehe zipi, na nikikuta data za watu nisimame wapi. Hapa Kongo tuna Kanuni ya Dijitali, Sheria-Amri Na. 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kunaadhibiwa. Bila karatasi sigusi kitu, hata kama mwenye tovuti ni shemeji yangu.

Kisha nabonyeza Ctrl+U, inayofungua msimbo wa ukurasa kwenye kivinjari, na kuanza kusoma. Watu wengi hapa Lubumbashi wakisikia kazi yangu hudhani nakesha nikibahatisha maneno ya siri. Kumbe ukurasa ukifunguka, seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, imekwisha kumtumia mgeni HTML (maandishi yanayojenga ukurasa) na JavaScript (programu inayouendesha) ya ukurasa huo. Kilichomo kiko kwenye mashine yake tayari, hata kama hakionekani kwenye skrini.

Kwenye HTML natazama maoni ya mtengenezaji, yale yaliyo kati ya <!-- na -->. Kwetu huandikwa kwa Kifaransa, na yanaropoka kweli: "à supprimer avant la mise en ligne", yaani "ifutwe kabla ya kuwekwa mtandaoni", na chini yake anwani ya ukurasa wa msimamizi. Natazama pia sehemu za fomu zenye type="hidden", maana wapo wanaoweka humo bei ya bidhaa, na mnunuzi anaweza kuigeuza kabla ya kulipa.

Lakini mali nyingi iko kwenye JavaScript. Mafaili haya hubanwa yakawa mstari mmoja mrefu usiosomeka kwa macho, kwa hiyo natumia grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, kutafuta alama za funguo ninazozijua, yaani mifuatano ya herufi inayoipa programu ruhusa ya kutumia huduma fulani. AKIA ni mwanzo wa kitambulisho cha ufunguo wa AWS, huduma ya seva ya Amazon, herufi 20 kwa jumla. AIza ni wa Google, sk_live ni ufunguo wa siri wa Stripe, huduma ya malipo. Ukiona eyJ, huenda ni tokeni ya JWT, kama kibali cha mtu aliyekwisha kuingia, kwa sababu mabano ya kwanza ya JSON (muundo wa kuandika data) na alama ya nukuu, vikifuatwa na herufi ndogo, hutokea hivyo katika Base64, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida. Halafu nashuka hadi mwisho wa faili kutafuta sourceMappingURL. Ikielekeza kwenye faili la .map lililosahauliwa kwenye seva, mara nyingi msimbo unarudi kama mwenyewe alivyouandika, pamoja na majina ya mafaili na maoni yake.

Si kila ufunguo ni siri, lakini. pk_live, ufunguo wa wazi wa Stripe, imetengenezwa ionekane. Ufunguo wa Firebase (hifadhidata ya Google), ambao nao huanza na AIza, vilevile. Pale kinacholinda data ni sheria za hifadhidata, na hizo ndizo za kupima. Ripoti inayopiga kelele kwa kila AIza naiona ni uvivu.

Kijana mmoja aliyetengeneza duka la mtandaoni la mteja wangu alinibishia: "Yaya, funguo zangu ziko kwenye .env, haziwezi kuonekana." Ni kweli .env ni faili la mipangilio linalobaki kwa mtengenezaji. Lakini alikuwa anatumia Vite, chombo cha kufunga msimbo wa tovuti, na huko jina lolote linaloanza na VITE_ likitumika kwenye msimbo, thamani yake hupachikwa ndani ya faili linalokwenda kwa mgeni. Nikafungua faili hilo kwenye kivinjari, nikatafuta. "Mungu wangu, na ya SMS pia?" akashangaa. Ndiyo, na ya SMS pia, ile inayokatwa dola kwa kila ujumbe.

Wenye biashara nao huniuliza kama kusoma hivi si wizi. Nawasimulia ya Missouri, Marekani, mwaka 2021. Mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch alikuta namba za hifadhi ya jamii za walimu ndani ya HTML ya tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Gazeti likaiarifu idara, likasubiri kurasa ziondolewe, ndipo likachapisha. Gavana Mike Parson akamwita mdukuzi na kutaka afuatiliwe kisheria. Februari 2022 mwendesha mashtaka akaamua kutomshitaki.

Nikipata ufunguo wa kweli, siutumii kuchungulia kilichomo. Karatasi ikiruhusu, natuma ombi moja tu la kuuliza ufunguo ni wa nani, basi. Kwenye ripoti naonyesha herufi chache za mwanzo na mahali ulipokaa.

Dawa ina mpangilio wake, na hapa ndipo wengi wanateleza: wanafuta mstari, wanapumua. Ufunguo bado uko kwenye historia ya Git, inayohifadhi kila toleo la msimbo, kwenye kompyuta za waliotembelea, pengine hata kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani. Kwanza omba ufunguo mpya na kuua ule wa zamani; kisha angalia kumbukumbu za matumizi kama kuna mgeni aliyewahi kuutumia; halafu peleka kazi ile kwenye seva, ili kivinjari kiiombe seva itume SMS bila kuushika ufunguo. Na seva nayo iweke kikomo cha maombi, la sivyo mtu ataendelea kutuma ujumbe kwa gharama yako bila kuhitaji ufunguo wowote.

Yule kijana alifanya yote hayo isipokuwa kikomo. Hicho nimekiandika kwenye ripoti ya pili.