Betri ya Rimoti Haiwashi Gari

Wiki hii tena nimeletewa Toyota IST inayovutwa kwa kamba, na mwenyewe ana uhakika: rimoti haifungui milango, basi ndiyo iliyozuia gari lisiwake. Gereji ya kwanza walimbadilishia betri ya rimoti, halafu wakamuuzia rimoti nyingine. Gari kimya. Shida ilikuwa swichi ya kuwashia.

Jamani, kwenye ufunguo wa kuchomeka, vitufe na chipu havitegemeani. Vitufe vinatumia ile betri ya kidonge kufunga na kufungua milango, basi. Chipu ya immobilaiza, ile kinga ya wizi inayozuia injini, haina betri kabisa. Ukichomeka ufunguo, koili iliyozunguka mdomo wa loki ndiyo inayoipa nguvu, chipu inatoa namba yake, kompyuta inaitambua na kuruhusu injini. Betri ya rimoti ife hata mwaka mzima, gari litawaka. Toa betri leo ujaribu mwenyewe. Hata magari ya kubonyeza kitufe yana njia: kwenye Toyota nyingi, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza.

Chipu ikigoma utaona: taa ya ulinzi inaendelea kumeta hata ufunguo ukiwa ON.

Na kabla hujanunua rimoti, uliza masafa yake ya redio. Magari yetu ya Japani yanatumia takriban 315 MHz, ya Ulaya mengi 433.92. Zinaweza kufanana kwa sura na vitufe, na zisisikilizane na gari milele.

Sasa swichi. Siyo lile tundu unaloingizia ufunguo. Hiyo ni loki. Swichi ya umeme imekaa nyuma yake, kwenye Toyota nyingi kwa skrubu mbili. Ukibadilisha hiyo peke yake, ufunguo unabaki uleule na hakuna cha kuprogramu. Anayekudai hela ya kuprogramu akuonyeshe anaprogramu nini. Chomoa hasi ya betri, subiri sekunde 90 kwa ajili ya airbag, ndipo ufungue kava la usukani.

Stata ikizunguka, injini ikashika, kisha ikazima ukiachia ufunguo urudi ON, anza kuichunguza swichi. Dashibodi ikizimika ukitikisa ufunguo, vivyo hivyo. Punguzeni na mafungu ya funguo yanayoning'inia pale. Mwaka 2014 General Motors iliyaita yarudi kurekebishwa magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi zilikuwa laini mno: uzito wa funguo au mtikisiko uliweza kuzirudisha ACC, hatua ya redio tu, injini ikazima njiani na airbag zisifunguke. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124.

Linaloninyima raha ni tatizo la kuja na kutoweka. Mita itasoma volti 12 kwenye kontakti zilizoungua, kwa kuwa mita haivuti umeme wa kutosha kuonyesha ubovu. Ndiyo maana mimi napima kwa balbu ya taa kubwa. Lakini gari likishapoa, hata balbu inaweza kuwaka vizuri, na kati ya swichi na soketi ya nyaya zake sina hakika ipi mbovu mpaka nifungue nione plastiki iliyoyeyuka. Isipoonekana, nabadilisha vyote viwili, na mteja namwambia kabla hajalipa kwamba kimoja huenda kilikuwa kizima.