Je, wajua? Kirefu cha OK ni nini, na kwa nini sio "0 Killed"

Kuna maneno ya mtaani ya Wamarekani ambayo ukiyasikia tu unajua haya yametoka kwao. Mtu akikosea anasema "my bad", yani hapo nimezingua mimi, kitu kikiwa poa ni "cool", na dola wanaziita "bucks" kwa sababu karne ya 18 huko ngozi ya kulungu dume ilikuwa inapokelewa kwenye biashara kama pesa. Lakini lipo moja limetembea sana mpaka watu wameshasahau kwao ni wapi, mama anayeuza mihogo analitumia, konda analitumia, daktari analitumia, na ukiuliza limetoka wapi unapewa jibu haraka sana, na hilo jibu karibu kila mara sio. Nazungumzia OK.

Jibu nililokuwa nalo mimi ni hili. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani wanajeshi wakirudi kambini jioni walikuwa wanaandika ubaoni idadi ya waliouawa, siku ambayo hakuuawa mtu wanaandika "0 Killed", baadae wakafupisha ikawa 0K, ndo maana mpaka leo OK maana yake mambo yako salama. Nilipewa na mwalimu wa tuisheni nikiwa kidato cha pili, akaichora ubaoni kabisa, sifuri kubwa na K pembeni, na nikakaa nayo miaka zaidi ya 15, nikampa mpwa wangu, nikabishana nayo kwenye basi na kila aliyekuwepo akakubali. Ni hadithi nzuri na inaingia akilini, ina vita, ina ubao, ina watu waliorudi wazima.

Ila tarehe zinakataa. Vita vile vilianza 1861 vikaisha 1865. OK imeshachapwa kwenye gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, yani miaka 22 kabla risasi ya kwanza haijapigwa. Kusema OK ilizaliwa vitani ni sawa na kusema baba kazaliwa siku ya harusi ya mwanae. Na sio tarehe peke yake, angalia lilivyoandikwa siku hiyo: herufi ndogo zenye nukta, "o.k.", na hapo hapo pembeni mhariri kaweka kirefu chake, "all correct", yani kila kitu sawa. Pale hakuna sifuri, ni herufi o ya kawaida, na kwenye ile habari hajafa mtu wala hakuna vita, ni mhariri wa gazeti anamtania mwenzake wa gazeti la mji wa Providence kwamba jamaa fulani wa Boston wakipita kwake awaandalie mapokezi ya kueleweka na chupa zifunguliwe.

Nakaa sana hapa kwa sababu kosa hili lina ndugu zake wengi na sisi tunayapenda mno. Tunapenda kila neno liwe na kirefu. Ni wangapi tumefundishwa kwamba "news" ni kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza, eti kwa sababu habari zinatoka pande zote 4? Hapana, ni neno "new" tu, jipya, likawekwa wingi, mambo mapya, basi. Maneno ya Kiingereza yaliyotengenezwa kwa kuunganisha herufi za mwanzo yamejaa kuanzia karne ya 20, ndo wakati wa majeshi makubwa na mashirika makubwa, kwahiyo mtu akikwambia neno la miaka 500 iliyopita lina kirefu, una haki ya kumuomba ushahidi. OK ndo inachanganya kwa sababu yenyewe kirefu inacho kweli, ila sio kile tunachopewa.

Na sio hiyo ya vita peke yake. Wapo wanaosema ni Kigiriki, "ola kala", mambo yote mazuri. Wapo wanaosema ni la Wachoctaw, wenyeji asilia wa kusini mwa Marekani, ambao wana neno linalokaribia "oke" lenye maana ya ndivyo ilivyo, na hili liliaminiwa hadi ikulu, Rais Woodrow Wilson alikuwa akiidhinisha karatasi anaandika "okeh" kwa sababu hiyo hiyo. Na lipo wazo la Afrika Magharibi, mtaalamu wa lugha David Dalby alionyesha kwamba Kiwolof kina "waw kay", ndiyo kabisa, na watumwa waliopelekwa kule wangeweza kuwa wamelibeba. Hili la mwisho natamani liwe kweli, na sio wazo la kutupwa tu, maana Waafrika wameacha maneno halisi kabisa kwenye Kiingereza cha Marekani, karanga kule kusini zinaitwa "goober" kutoka "nguba" la Kikongo, na ule mchuzi wa Louisiana unaoitwa "gumbo" umechukua jina la bamia kutoka lugha za Kibantu za upande wa Angola. Lakini kwa OK kinachopatikana ni kufanana kwa sauti, na kufanana kwa sauti ni ushahidi mwembamba, maneno mafupi ya silabi 2 yanafanana dunia nzima. Upande wa pili kuna karatasi ya gazeti yenye tarehe na kirefu kimeandikwa.

Sasa twende Boston, maana hapa ndo utamu ulipo.

Mwishoni mwa miaka ya 1830 vijana wasomi na waandishi wa magazeti wa mji ule walishikwa na fasheni ya kufupisha misemo kwa herufi za mwanzo. Kulikuwa na "N.G." yani "no go", haiendi. "G.T.", kaenda Texas, ambako watu wenye madeni walikuwa wanakimbilia. "S.P." ni "small potatoes", viazi vidogo, yani mtu au jambo lisilo na uzito. Afu wakapiga hatua nyingine, wakaanza kufupisha misemo ambayo kwanza wameikosea tahajia makusudi. "All right" wakaiandika "oll wright" wakaifupisha "O.W.". "All correct" wakaiandika "oll korrect" ikawa "o.k.".

Kama ulikuwa na simu ya vitufe enzi zile hili huhitaji kuelezwa sana. Unakumbuka "xawa"? Kila mtu alikuwa anajua sawa inaandikwaje, lakini ujumbe ulikuja "xawa mpnz 2taonana kexho", na aliyeandika alikuwa kapata A ya Kiswahili. Watu wengine wanasema ilikuwa kubana nafasi kwa sababu ujumbe mmoja ulikuwa herufi 160, na kuna ukweli kidogo, tena kwenye vile vitufe s ilikuwa ya 4 kwenye namba 7 wakati x ilikuwa ya 2 kwenye namba 9, kwahiyo x ilikuokolea mibonyezo 2. Ila "kexho" ina herufi 5 sawasawa na kesho. Wengi waliandika vile kwa mbwembwe, kuonyesha mimi ni wa kundi hili, mimi na wewe tunaelewana, mzee akiokota simu ataambulia patupu. Boston ni hivyo hivyo. Yule mhariri hakuwa anabana nafasi, angekuwa anabana nafasi asingeweka "o.k." afu akaweka na kirefu chake pembeni. Ilikuwa ni mbwembwe ya kuandika vibaya huku kila msomaji anajua kwamba unajua kuandika vizuri.

Na hapa kuna kitu ambacho sisi Waswahili kinatupita kabisa, mimi kilinipita mpaka nilipokaa na kuyatazama yale maneno moja moja. Ukiandika "korrect" mbele ya Mswahili hashtuki. Sisi K ndo herufi yetu, tunaandika benki, kaka, kompyuta, sauti ile hatuna namna nyingine ya kuiandika. Kwa Mwingereza au Mmarekani wa 1839 sauti hiyo mwanzoni mwa neno mara nyingi ni C, kwahiyo K ikikaa mahali pa C inaonekana kama mtu asiye na shule kashika kalamu, na hicho ndicho kilichokuwa kinachekesha. Utani wote wa OK umekaa kwenye zile herufi 2, maana hakuna hata moja iliyo sahihi: "all" haianzi na O na "correct" haianzi na K. Ni kifupisho kinachosema kila kitu sahihi wakati chenyewe chote ni makosa. Kilipofika kwetu utani ukayeyuka njiani, tukabaki na herufi 2 zilizokaa vizuri mdomoni, "oke", irabu mwanzo na irabu mwisho, kama vile limezaliwa Tanga.

Swali linalobaki ni kwa nini O.W. ilikufa na OK ikabaki wakati zote ni mtoto wa fasheni moja. Mbwembwe za namna hii huwa zinadumu mwaka au miwili. Jibu ni uchaguzi.

Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea tena. Huyu kazaliwa Kinderhook, kamji kadogo jimbo la New York ambako watu walikuwa bado wanaongea Kiholanzi, na wafuasi wake wakampa jina la "Old Kinderhook", mzee wa Kinderhook. Tazama herufi za mwanzo. Wafuasi wake jijini New York wakaanzisha klabu wakaiita O.K. Club, na tangazo la mkutano wao likatoka gazetini tarehe 23 Machi 1840, mwaka mmoja kamili baada ya lile gazeti la Boston. Sasa OK ikawa na maana 2 kwa mpigo, mzee wa Kinderhook na kila kitu sawa, kumpigia huyu ni sawa. Wapinzani wa chama cha Whig nao wakaidaka wakaigeuza, uchumi ulikuwa umeanguka tangu 1837 kwahiyo wakasema OK ni "out of kash", kaishiwa hela, na K yao wakaiweka makusudi pale pale. Kila upande ukitukana mwenzake unalitaja neno lile lile, na magazeti ya nchi nzima yanalichapa.

Unajua fulana za kampeni. Mgombea anagawa fulana, uchaguzi unapita, mgombea anashindwa na watu wanamsahau, lakini fulana unaikuta miaka 7 baadae iko shambani, mtu anapalilia mahindi nayo na sura ya yule mheshimiwa imefifia mgongoni, aliyeivaa hakumpigia hata kura, anaivaa kwa sababu ni nguo. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison. Neno likabaki linavaliwa. O.W. haikupata mtu wa kuigawa kwenye mikutano ndo maana haikutoka Boston.

Kampeni ile ile ndo ilizaa na hadithi nyingine iliyodumu sana, kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren, alikuwa hajui tahajia na alikuwa akipitisha nyaraka anaandika OK akidhani ndo kifupi cha "all correct". Yalikuwa maneno ya kumchafua. Wapo walioenda kutafuta wakaja na rekodi ya mahakama ya Tennessee ya 1790 yenye jina la Jackson na wanachodhani ni OK, ila ikisomwa vizuri ni O.R., "order recorded", amri imerekodiwa. Hata hivyo uongo ule uliwapa watu picha ya kitu cha kufanya, kuandika OK kwenye karatasi kuonyesha imepita, na watu wakaanza kufanya kweli, baadae waendesha telegrafu wakaitumia kuthibitisha kwamba ujumbe umefika salama.

Aliyetufumbulia yote haya ni Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, na njia yake ndo imenifanya nimheshimu. Mwaka 1941 alitangaza kwamba kapata asili, ni ile klabu ya Old Kinderhook. Wengine wangekomea hapo. Yeye akaendelea kufukua magazeti ya zamani, na kwenye makala alizotoa 1963 na 1964 akairudisha nyuma mpaka Boston 1839 na akazipanga zile ndugu zake zote, O.W., N.G., G.T., ili ionekane OK haikuota peke yake. Alisahihisha jibu lake mwenyewe kwa ushahidi wake mwenyewe.

Mpwa wangu nimeshampigia nikamwambia ile ya sifuri aiache. Akaniuliza swali zuri, sasa kama vita ilikuwa imeanza na neno lilikuwepo tayari, si inawezekana wanajeshi nao waliliandika ubaoni? Inawezekana, neno lilikuwa mikononi mwa watu wote kipindi hicho, ila kuliandika sio kulizaa. Nikamtajia tarehe moja ikamtosha: Van Buren, yule mzee wa Kinderhook mwenyewe, alifariki nyumbani kwake hapo hapo Kinderhook tarehe 24 Julai 1862, ana miaka 79, na vita vikiwa kwenye mwaka wake wa pili.