Laptop inazima hovyo? Subiri kwanza, usikimbilie kupiga Windows

Huwa nawatania wateja wangu hapa Mwanga kwamba laptop ikishafika Kigoma na yenyewe inajifunza kugoma. Ila kuna mwalimu mmoja aliniletea yake siku moja, hakuwa na mudi ya utani kabisa. Katoka Ujiji na daladala, laptop kaibeba kwenye begi la shule la mwanae, kaitua mezani akasema fundi, hii kitu imenichosha, imepigwa Windows, yani imewekwa upya, mara mbili na mafundi wawili tofauti, kila mmoja kachukua 15,000 yake, inakaa siku tatu nne alafu inarudi kule kule, skrini ya bluu, inajizima, inajiwasha yenyewe.

Nikamuuliza swali ambalo namuuliza kila mtu. Mwalimu, yale maandishi kwenye bluu huwa ni yale yale au yanabadilika? Akatoa simu, kumbe kila ikizingua alikuwa anaipiga picha, wateja wote wangekuwa hivi mimi ningekuwa nafunga ofisi saa kumi. Picha ya kwanza MEMORY_MANAGEMENT, ya pili IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, ya tatu PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, ya nne inalalamikia faili la Windows limeharibika. Siku nne magonjwa manne. Hapo hapo nikaanza kuitazama RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi, kwa jicho baya.

Kwanini RAM? Kwasababu draiva mbovu, yani programu inayoendesha kifaa kama spika au skrini, huwa na msimamo, yani kila ukifungua video inakuletea eror ile ile na jina la faili lile lile, ukiitoa ukaweka nyingine mambo yanaisha. RAM mbovu haina adabu hiyo. Inategemea leo nani kakalia ile sehemu mbovu, leo kakaa Chrome basi Chrome inajifunga, kesho imekaa draiva ya sauti unapata bluu, keshokutwa imekaa Windows yenyewe ndo mashine inalala mazima. Chukulia daftari la madeni la mangi. Kaandika mama fulani anadaiwa 2,000, akirudi kusoma anakuta 6,000, na yeye hana kumbukumbu nyingine zaidi ya lile daftari kwahiyo anaenda kudai 6,000 kwa kujiamini kabisa. Kompyuta iko hivyo, inachosoma kwenye RAM inakiamini. Na RAM ya 8GB ina vijumba bilioni 68 na ushee, kila kimoja kinashika 0 au 1, kikikwama kimoja tu imetosha kukuharibia wiki. Seva kubwa zinatumia RAM za aina yake zinazojisahihisha zenyewe zikikosea, ila hizi laptop zetu za kawaida hazina kitu hicho.

Sasa hapa ndo ninapogombana na mafundi wenzangu. Ukipiga Windows, kila faili linalotoka kwenye flashi kwenda kwenye diski linapitia kwenye RAM. Kama RAM inageuza herufi moja moja njiani, maana yake unainstoli Windows ambayo imezaliwa mgonjwa, alafu inadumu siku tatu unasema flashi ilikuwa na virusi. Mbaya zaidi ni wale wanaokimbilia chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, maana ile inasahihisha orodha ya mafaili kwenye diski huku inafikiria kwa kutumia hiyo hiyo RAM inayodanganya, unaweza ukaingia na laptop inayozima ukatoka na laptop isiyo na mafaili. Mwalimu alikuwa na matokeo ya kidato cha nne na cha pili ndani ya Excel, bakapu hana. Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa sikuwasha mashine. Nilichomoa diski, nikaiweka kwenye kava ya USB, nikakopi kila kitu kwa kompyuta ya ofisini ambayo naiamini. Faili moja la Excel lilishagoma kufunguka, mengine yakawa salama, tukashukuru.

Ngoja niseme haraka haraka kuhusu vitu ambavyo sio RAM maana sitaki mtu akanunue RAM bure. Kama laptop inakata tu pap, giza, bila bluu wala onyo, waza umeme au joto kwanza. Ingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utaona Kernel-Power namba 41, watu wengi wakiiona wanadhani ndo ugonjwa wenyewe, hapana, hiyo inakwambia tu kwamba mashine ilizima bila kuaga. Fungua ndani, kama namba ya BugcheckCode ni 0 basi Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea, na mara nyingi hiyo ni umeme kukatika au mashine kuganda kabisa. Hapa kwetu nusu ya kesi hizo ni betri iliyokufa, mtu anatumia laptop kwa chaja tu kama deskitopu, umeme ukicheza nusu sekunde na yeye kazi imeenda. Joto nalo utalijua, feni inalia kama bodaboda inapanda mlima, ukifungua unakuta vumbi limeganda kwenye matundu kama blanketi na pesti ya prosesa imekauka imekuwa unga. Na kama inaganda huku taa ya diski imewaka tu haizimi, endesha CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, ikikupa rangi ya njano okoa mafaili kabla hujafanya kitu kingine chochote. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR yenyewe ni vifaa vinalia vyenyewe, inaweza kuwa prosesa, umeme, maza bodi, hiyo ina darasa lake.

Turudi kwa mwalimu. Kupima RAM unaweza kutumia kile cha Windows, bonyeza Windows na R, andika mdsched, irestati, alafu ikianza bonyeza F1 uchague Extended maana ile ya kawaida ni ya kugusa gusa tu. Mimi napendelea Memtest86+, ni ya bure, unaiweka kwenye flashi unawasha mashine kupitia hiyo flashi, Windows haihusiki kabisa, ikikataa kuanza ingia bayosi (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uzime Secure Boot, ile kinga inayozuia programu isizozitambua kuwaka. Mashine ilikuwa na RAM mbili za 4GB, aina ya DDR3L. Nikaiwasha jioni nikaiacha usiku kucha, asubuhi nakuta pasi nne, yani imezunguka RAM yote mara nne, na eror sifuri. Safi kabisa. Fundi asiye na subira hapo anasema RAM nzima, anapiga Windows ya tatu.

Mimi nikampigia mwalimu, nikamuuliza huwa inazima saa ngapi. Akafikiria, akasema fundi, kweli bwana, asubuhi huwa haisumbui, inaanza mchana, saa saba saa nane, tukiwa ofisi ya walimu. Ofisi ina dari? Haina, ni bati tupu. Basi nikaitoa mezani nikaiweka kwenye kona yangu ya nyuma ambayo saa nane mchana hata mimi siwezi kukaa, nikaanzisha tena. Dakika arobaini hazijaisha mistari myekundu imejaa skrini. Kwenye kupima RAM hakuna eror ndogo, hata moja ni ugonjwa, hapa zilikuwa mamia.

Sasa ndo pale watu wanakosea, na mimi nilishakosea, nikiri. Miaka ya nyuma niliona mistari myekundu kama hiyo kwa mteja mmoja mfanyabiashara wa dagaa kule Kibirizi, nikamuuzia RAM mpya, akarudi baada ya wiki na tatizo lile lile na hasira juu, nikamrudishia hela yake yote. Tangu siku ile siuzi RAM kabla sijafanya zamu. Unazima, chaja nje, betri nje au unachomoa waya wake kwenye maza bodi, unashikilia batani ya kuwasha sekunde kama ishirini umeme uliobaki uishe, unagusa chuma ujitoe chaji. Kisha RAM A peke yake sloti ya kwanza (sloti ni pale RAM inapochomekwa), pima. RAM B peke yake sloti ile ile ya kwanza, pima. Alafu zote moja moja kwenye sloti ya pili. Ni kazi ya siku mbili na inachosha na mteja anapiga simu kila saa, ila eror ikimfuata RAM, RAM ndo mbovu, eror ikibaki kwenye sloti hata ubadilishe RAM kumi ni bure.

Kwa mwalimu zote mbili zilipita kwenye sloti ya kwanza, mchana, kwenye joto. Sloti ya pili zote mbili zikafeli. Nikasafisha meno ya RAM kwa ufutio wa penseli taratibu alafu spiriti, sloti nikaipiga brashi laini na spiriti, ikatoka uchafu mweusi wa mafuta mafuta (nyumbani kwake wanauza mawese, na laptop inakaa kaunta jioni, sikusema kitu). Eror zikapungua, hazikuisha. Nikabonyeza kidogo ile kona ya bodi kwa kidole wakati inapima, zikamwagika. Risasi ya kuchomelea inayoshikilia sloti kwenye bodi imepasuka. Ndo maana asubuhi inashika, joto likipanda bodi inatanuka kidogo mguu mmoja unaachia.

Kuchomelea upya inawezekana ila kwa mashine ya umri ule sikumshauri, bei ya kazi na hatari ya kuua bodi nzima haziendani na thamani yake. Nilimtafutia RAM moja ya 8GB, na hapa angalia ile herufi L, DDR3L inaenda kwa volti 1.35 na DDR3 ya kawaida ni 1.5, kuna laptop ukiiweka hiyo ya kawaida haiwaki kabisa. Nikaiweka sloti ya kwanza, nikapima usiku, nikapima mchana kwenye kona ya moto, sifuri kote. Ndo nikapiga Windows, mara moja, mafaili yakarudi. RAM moja badala ya mbili inapunguza spidi kidogo, kwa mtu wa Excel na Word hata hataona.

RAM zake mbili za zamani nilimrudishia kwenye bahasha, nzima zote. Kwenye ile sloti ya pili nimebandika kipande cha selotepu kimeandikwa USIGUSE, kwa ajili ya fundi wa nne.