Je, wajua kwa nini baht, sarafu ya Thailand, ikishuka, tui la kopo la nchi hiyo halishuki bei London?

Jibu linalokuja haraka ni hili: tui limetengenezwa Thailand, wafanyakazi wa kiwanda wanalipwa baht, kwa hiyo baht ikipoteza thamani Mwingereza atalipata kwa bei nafuu. Vitabu vingi vya uchumi vya mwanzo hufundisha hivyo hivyo, na hesabu yenyewe inaonekana haina kasoro. Lakini ina kasoro. Kati ya kiwanda cha Thailand na rafu ya London kuna sarafu ya tatu isiyoandikwa popote kwenye kopo, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi: dola ya Marekani.

Sehemu kubwa ya bidhaa ambazo Thailand inauza nje huandikiwa ankara kwa dola, hata kama mnunuzi hana biashara yoyote na Marekani. Mchele wa kusafirishwa kutoka Bangkok hutajwa bei kwa dola kwa tani. Nauli ya kontena nayo ni dola. Baht imeachwa ielee, yaani soko ndilo lipange thamani yake, tangu tarehe 2 Julai 1997, ilipokuwa karibu baht 25 kwa dola moja. Tangu siku hiyo imepanda na kushuka mara nyingi, ila ankara zimebaki za dola.

Chukua mkulima wa mpunga na mnunuzi wake. Wanabadilishana mpunga kwa chumvi. Kila mmoja ana kibaba chake nyumbani na vibaba hivyo havilingani, kwa hiyo wamekubaliana kupima kwa pishi ya sokoni: kikapu kimoja cha mpunga kwa pishi moja ya chumvi. Sasa kibaba cha mkulima kipunguzwe. Akifika nyumbani na kuipima chumvi yake upya, ataona pishi ile ile inampa vibaba vitano badala ya vinne. Amefurahi. Mnunuzi je? Ametoa pishi moja, kama jana. Hakuna alichopunguziwa. Geuza mambo: kibaba cha mnunuzi ndicho kipungue. Sasa lazima achote mara tano kutoka ghalani mwake ili ajaze pishi ile ile. Kibaba cha mkulima ni baht, cha mnunuzi ni pauni, na pishi ni dola. Kinachomuumiza au kumpa nafuu mnunuzi ni uhusiano wa kibaba chake na pishi, basi.

Mwaka 2016 ulionyesha jambo hili waziwazi. Kabla ya matokeo ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, tarehe 23 Juni, pauni ilikuwa karibu dola 1.50. Kufikia Oktoba ilikuwa karibu dola 1.22. Baht muda wote huo ilikuwa karibu 35 kwa dola, imetulia tuli. Hakuna lililotokea kwa sarafu ya Thailand, na bado kila mwagizaji wa Uingereza aliyenunua mchele au tui kwa dola alianza kulipa zaidi. Mwaka 2022 ulikuwa wa ajabu zaidi. Baht ilianguka kutoka karibu 33 hadi karibu 38 kwa dola (namba ikikua, baht imedhoofika), na aliyetazama baht peke yake angetarajia vyakula vya Thailand kuwa rahisi. Lakini pauni nayo ilianguka dhidi ya dola, Septemba ikafika chini kuliko wakati wowote katika historia yake. Mnunuzi wa London hakupata unafuu wowote.

Kwa nini basi bei ya rafuni haikupanda kwa kiasi kile kile ambacho pauni ilishuka? Tupige hesabu ya mfano. Kopo la mililita 400 limfikie mwagizaji bandarini kwa senti 90 za dola, nauli ikiwemo, na liuzwe dukani kwa pauni 1.80. Pauni ikiwa dola 1.50, senti 90 ni peni 60. Pauni ikishuka hadi dola 1.25, senti 90 ni peni 72. Gharama ya mwagizaji imepanda asilimia 20, lakini ongezeko ni peni 12 tu, na peni 12 juu ya pauni 1.80 ni chini ya asilimia 7. Peni zile nyingine 120 zinalipa ghala, lori, umeme, mishahara na faida ya duka, vyote kwa pauni.

Na hata peni hizo 12 hazifiki siku hiyo hiyo. Kontena kutoka bandari ya Laem Chabang nchini Thailand huchukua wiki kadhaa kufika Uingereza, na meli zinazozunguka Rasi ya Tumaini Jema kukwepa Bahari ya Shamu huongeza siku kumi au zaidi. Waagizaji wakubwa pia hukubaliana na benki mapema bei ya dola watakazochukua baada ya miezi mitatu au sita, hivyo mshtuko huwafikia mkataba huo ukiisha. Duka lenyewe mara nyingi huanza kwa kuondoa ofa ya makopo mawili kwa bei nafuu kabla ya kugusa bei iliyobandikwa.

Hapa inafaa kuwa waangalifu. Nazi huchukua takriban miezi 12 kukomaa, kwa hiyo ukame wa mwaka huu huonekana kwenye bei ya mwaka kesho. Kopo likipanda, pauni isibebeshwe lawama yote.

Je, baht haina kazi kabisa? Inayo, ila kazi yake inaanzia upande wa muuzaji. Tani ya mchele ya dola 1,000 humpa msafirishaji baht 30,000 kiwango kikiwa 30, na baht 38,000 kiwango kikiwa 38. Tofauti hiyo ya baht 8,000 ni faida yake mwanzoni. Wanunuzi wakubwa wanalijua hilo, na mkataba mpya ukifika wanadai punguzo la dola. Wakilipata, ndipo baht dhaifu inapoanza kuonekana London, kwa kuchelewa na kwa sehemu tu. Baht ikipanda, msafirishaji anayenunua mpunga kwa baht analazimika kuongeza bei ya dola au kula hasara. Mwaka 2019 baht ilipanda hadi karibu 30 kwa dola, na mauzo ya mchele wa Thailand yakashuka kutoka zaidi ya tani milioni 11 mwaka 2018 hadi chini ya milioni 8. Ukame na ushindani wa nchi nyingine vilichangia pia. Mchele mweupe wa kawaida ndio huumia zaidi, kwa sababu Vietnam na India wanao. Mchele wenye harufu wa hom mali, unaovunwa mara moja kwa mwaka kaskazini mashariki mwa Thailand, hauna washindani wengi kiasi hicho, hivyo muuzaji wake ana nafasi ya kuongeza bei.

Kuna vyakula ambavyo baht haivigusi sana hata kiwandani. Thailand inaongoza duniani kwa kuuza nje jodari wa kopo, lakini samaki wengi wanaoingia viwandani wamenunuliwa nje, kwa dola. Viwanda vya tui navyo huagiza nazi kutoka Indonesia. Dola inaingia, dola inatoka, na baht inabaki kwenye mishahara na umeme.

Nairobi hesabu ni hiyo hiyo. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, kwa hiyo kopo letu la mfano la senti 90 lingemgharimu mwagizaji shilingi 144. Katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 130, na kopo lile lile lingekuwa shilingi 117. Baht katika miezi hiyo ilitikisika kidogo tu, kati ya 34 na 37 kwa dola.

Anayetaka kujua kama bei ya dukani inafuata sarafu atazame kiwango cha fedha yake kwa dola miezi mitatu hadi sita iliyopita. Kisha alinganishe bei kwa mililita 100, kwa sababu kopo la mililita 400 na pakiti ya lita moja hazilingani, na asome kwenye lebo asilimia ya tui la nazi lenyewe. Kopo lenye asilimia 60 na lenye asilimia 80 yanaweza kukaa rafu moja kwa bei inayokaribiana, na tofauti hiyo ya maji ni kubwa kuliko peni 12 za pauni iliyoanguka.