Kabla hujailaumu dawa, pima unene wa msuli

Wanafunzi wa fiziolojia ninaowasimamia hapa Dar es Salaam wakiniletea michoro ya kani ya msuli wa moyo wa panya, swali langu la kwanza huwa ni kipenyo. Uzito wa panya wameandika, dozi wameandika, hata saa ya kuanza jaribio. Kipenyo mara nyingi hakipo, na bila hicho siwezi kuusoma mchoro.

Moyo ukiwa mwilini, karibu kila seli yake imepakana na kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, kwa hiyo oksijeni husafiri mikromita chache tu kutoka kwenye damu. Ukikata msuli wa papilari, ule mdogo unaoshikilia vali ndani ya moyo, na kuuning'iniza kwenye chemba ya myeyusho wa Krebs, maji ya chumvi na glukosi yanayoiga majimaji ya mwili, kapilari bado zipo lakini hakuna kinachopita ndani yake. Oksijeni inabaki na njia moja: kupenya kutoka juu ya msuli kwenda ndani, huku seli za njiani zikiitumia. Ndiyo maana tunapuliza gesi yenye oksijeni asilimia 95, na asilimia 5 ya kaboni dioksaidi ya kushikilia pH karibu na 7.4. Hata hivyo myeyusho hauna himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Ukishiba gesi hiyo katika nyuzi 37, lita yake hubeba kama mililita 20 za oksijeni. Lita ya damu ya ateri hubeba takriban 200.

Hesabu ya kupenya huku, ambayo mwanafiziolojia Mwingereza A. V. Hill aliichambua mwaka 1928, haina huruma. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, shinikizo la oksijeni linalotakiwa ili ifike katikati huongezeka mara nne. Matumizi ya seli yakiongezeka mara nne, kipenyo kinachoweza kulishwa hushuka hadi nusu.

Msuli mnene basi huwa kama mshikaki wa nyama kubwa: nje umeiva, ndani mbichi. Seli za katikati hazivuti, lakini wewe unagawanya kani kwa eneo lote la mkato, kwa hiyo msuli unaonekana dhaifu. Zikikosa oksijeni kwa muda zinakakamaa, na mvutano wa msuli uliopumzika unapanda.

Hapa ndipo dawa inaposingiziwa. Isoprenalini, dawa inayochochea moyo kama adrenalini, huongeza kani na pia huongeza njaa ya oksijeni. Kwenye msuli mnene, tabaka la nje linavuta zaidi wakati la ndani linazima, na mchoro unaonyesha ongezeko dogo. Mtu anaandika kwamba dawa haina nguvu! Dondoo za mimea tunazozipima nazo zinaweza kuhukumiwa vivyo hivyo.

Kipimo ninachokiamini ni rahisi. Kabla ya dawa, punguza oksijeni hadi asilimia 75 hivi, jazia naitrojeni, usiguse kaboni dioksaidi. Msuli uliolishwa vizuri hauhisi tofauti. Kani ikishuka, katikati palikuwa tayari ukingoni.

Joto nalo lina sauti kubwa. Matumizi ya oksijeni huongezeka mara mbili au zaidi kwa kila nyuzi 10. Makala nyingi za Ulaya zikisema joto la chumba zina maana ya nyuzi 20 na kitu. Chumba chetu bila kiyoyozi mwezi Februari kinapita 30, na kipenyo salama kinapungua karibu theluthi. Kwa shinikizo la hewa tuna bahati, tuko usawa wa bahari. Mwenzetu wa Mbeya, mita 1,700 hivi juu, ana hewa yenye shinikizo pungufu kwa karibu moja ya tano, hivyo akate kipenyo chake kwa kama asilimia 10.

Anayetaka nyuzi 37 na kasi halisi ya panya, mapigo 300 na zaidi kwa dakika, atafute trabekula nyembamba, yaani vipande vidogo vya msuli vinavyojitokeza kwenye kuta za ndani ya moyo, za mikromita 200 au chini. Asipozipata, atumie moyo mzima kwa njia ya Oscar Langendorff ya mwaka 1895: myeyusho unaingizwa kupitia aota, ateri kuu itokayo moyoni, unapita mishipa ya moyo wenyewe, na kapilari zinarudi kazini.