Kwa nini malori yanaposimama huota mji?

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, ukishapita uwanja wa ndege na kabla hujafika Athi River, kuna mji unaitwa Mlolongo. Hakuna chifu wala mlima wa jina hilo. Palikuwa na mizani ya malori, malori yakawa yanajipanga kusubiri kupimwa, moja nyuma ya jingine, na watu wakapaita kwa kile walichokiona. Leo Mlolongo una maghorofa, benki, makanisa na baa zinazokesha, lakini jina limebaki lile lile la foleni.

Nalipenda jina hili kwa sababu halifichi kitu. Miji mingi ya njia kuu za mizigo Afrika Mashariki ilizaliwa au ilikua hivyo hivyo, ila haikusema: Mariakani, Mtito Andei na Salgaa kwa upande wa Kenya; Chalinze, Isaka na Tunduma kwa upande wa Tanzania. Mahali pengine lilikuwa suala la mizani, pengine njia panda, pengine mpaka, pengine ni pale tu ambapo dereva aliyetoka bandarini asubuhi anaanza kusinzia. Lori likasimama, mji ukaota.

Tazama semitrela moja inayokwenda Lubumbashi ikisimama kwa dakika arobaini. Injini inazimwa, breki za upepo zinapiga chafya. Utingo anashuka na dumu la maji, anazunguka akigonga matairi kwa nyundo na kusikiliza mlio. Moja limelegea, anatafutwa fundi pancha. Dereva anataka chai, choo, vocha na mahali pa kujimwagia maji. Usiku ukiingia anataka gesti yenye uwanja wa kuegesha na mlinzi wa kulinda turubai na dizeli. Lori moja, kwa hiyo, ni wateja wa biashara sita au saba. Zidisha kwa mamia ya malori yanayopita kila siku.

Wa kwanza kufika ni mama ntilie na sufuria yake chini ya mti. Anafuata wa mabati manne na meza ya chipsi. Kisha kompresa ya kujazia upepo, kisha wakala wa pesa za simu, duka la vipuri, gesti. Wote hawa wanahitaji mahali pa kulala, basi vinajengwa vyumba vya kupanga nyuma ya maduka. Wapangaji wanazaa, inahitajika shule. Mpaka hapo mpimaji wa ardhi bado hajakanyaga.

Na kwa nini mizani iwepo kabisa, kama ndiyo inayosababisha yote haya? Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya 2013, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Madereva wanaweza kuiona kama roho mbaya ya maofisa, ila hesabu yake ni kali. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba lami haiumii sambamba na uzito: ukiuongeza mara mbili uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, uharibifu unapanda takribani mara 16. Kwa hiyo lori lazima lipimwe, na ili lipimwe, kwa miaka mingi, ilibidi lisimame.

Hapa ndipo ardhi inapoingia. Shamba la mihogo lililokuwa likiuzwa kwa ekari linaanza kuuzwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini. Kila mnunuzi anataka kipande kinachotazama lami, maana duka ambalo dereva halioni ni ghala tu. Ndiyo sababu miji hii haina umbo la miji mingine. Haizunguki soko wala msikiti wala stesheni. Inajinyoosha kandokando ya barabara kilomita tatu nne, huku upana wake ni nyumba mbili tatu, na nyuma yake bado kuna mahindi.

Nani anaamua mambo haya? Chukua Tanzania. Wakala wa barabara, TANROADS, anasimamia barabara kuu na hifadhi yake, yaani ukanda wa ardhi wa pembeni usiotakiwa kujengwa, basi. Sheria ya Barabara ya 2007 inaiweka hifadhi hiyo kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla yake ilikuwa mita 22.5. Ukivuka mita hizo 30 umeingia kwa wenyewe: serikali ya kijiji, halmashauri, maofisa mipango miji, Wizara ya Ardhi. Mhandisi anahesabu malori ya miaka ishirini ijayo. Ofisa ardhi anahesabu viwanja. Kila mmoja kwenye ramani yake yuko sahihi. Lori na kiwanja vinakuja kukutana barabarani, wakati mhandisi na ofisa ardhi walipaswa kukutana mezani.

Lori na kiwanja vikikutana, barabara inaanza kujila yenyewe. Watoto wanavuka kwenda shule, mmoja anagongwa, wananchi wanafunga njia wakidai matuta. Wana haki. Matuta yanawekwa. Sasa lori la tani 56 linapunguza mwendo hadi kama la mtu anayetembea, linapanda, linashuka, linavuta tena gia moja baada ya nyingine. Na palipo na tuta pana mteja anayepita polepole, kwa hiyo muuza korosho na maji ya chupa anahamia hapo. Wanunuzi wakiongezeka na wanaovuka wanaongezeka, na linadaiwa tuta jingine mbele kidogo. Barabara iliyokopewa fedha ili mzigo ufike upesi Kigali au Bujumbura inageuka mtaa wa madukani.

Dawa inayopendwa ni barabara ya mchepuo: tuyazungushe malori nje ya mji. Nairobi ilijenga mchepuo wa mashariki kutoka barabara ya Mombasa hadi Ruiru ili magari yasilazimike kukata katikati ya jiji. Ukitaka kujua yaliyoupata, mwulize mkazi yeyote wa Nairobi Kamakis ni wapi. Ni pale kwenye mchepuo, kwa Ruiru, na hatakuelekeza kwa habari ya malori. Atakuambia habari ya nyama choma. Majumba ya kupanga, vituo vya mafuta na sehemu za kula zilijipanga pembeni, na haukupita muongo mmoja serikali ikalazimika kuipanua barabara yenyewe. Mchepuo usiofungiwa ardhi yake unakuwa mji mwingine wenye foleni yake.

Sasa msomaji atasema: basi tutenge ardhi mapema, mambo yaishe. Ilitengwa. Barabara ya Morogoro kutoka Dar es Salaam, sehemu ya Kimara hadi Kiluvya, ilikuwa na hifadhi pana kuliko kawaida, zaidi ya mita 120 kila upande, iliyowekwa zamani mno kabla ya jiji kufika huko. Kwenye karatasi ilikuwa salama. Ardhini watu walinunua, wakajenga, wakavuta umeme na maji, wakalipa kodi ya majengo. Mwaka 2017 yakaja matingatinga na nyumba zaidi ya elfu moja zikabomolewa, ili barabara ya Kimara hadi Kibaha ipanuliwe iwe ya njia nane.

Wanaokaa karibu na barabara kuu Tanzania wanaijua lugha ya rangi. Ukiamka ukakuta ukutani X nyekundu, maana yake uko ndani ya hifadhi na hulipwi. X ya kijani inamaanisha sheria ndiyo iliyokufuata wewe: ulijenga kihalali nje ya mita 22.5, hifadhi ikasogea hadi 30, kwa hiyo ukitakiwa kuondoka utafidiwa. Mita saba na nusu, na hatima mbili tofauti kwenye ukuta mmoja. Binafsi naona X ile nyekundu ni hati ya kushindwa kwa ofisi mbili kuongea, ila anayeibeba ni mtu wa tatu. Ofisi moja ilimuuzia umeme, nyingine ikamwambia hakutakiwa kuwa pale.

Kuna gharama nyingine isiyopimwa kwa dakika wala kwa fidia. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, karibu na kituo kikuu cha mabasi. Watu walikusanyika kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu mia moja walifariki. Mjadala wa siku zile ulikuwa juu ya waliochota. Kulikuwa na swali jingine ambalo halikupigiwa kelele sana: petroli ya mikoa na nchi kadhaa ilikuwa inapita mahali ambapo mji mzima unapandia mabasi. Stendi iliwekwa pale kwa sababu barabara iko pale. Malori ya mafuta yapo pale kwa sababu hiyo hiyo.

Basi mpango wa ardhi na mpango wa mizigo vikitakiwa kwenda pamoja, vinaanzia wapi? Vitabu vina majibu marefu. Mimi naona vinaanzia kwenye swali dogo kabisa: lori litasimama wapi? Anayechagua mahali pa kusimama lori ndiye anayechagua mji uote wapi, awe anajua au hajui.

Tanzania imeanza kulijibu swali hilo kwa njia mbili. Moja ni vituo vya ukaguzi wa pamoja kwenye Ushoroba wa Kati, yaani ile njia ya mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo ya mashariki. Vilipangwa Vigwaza, Manyoni na Nyakanazi, ili polisi, watu wa forodha na wa mizani wawe mahali pamoja badala ya kila mmoja kulisimamisha lori kwa wakati wake. Kuna pia mizani ya kupima gari likiwa kwenye mwendo, ambayo lori lisilozidisha linapita juu yake na kuendelea na safari. Mkaguzi anaona ameokoa saa. Mpanga miji anapaswa kuona kwamba vimebaki vituo vitatu vya kuota miji badala ya vingi, na vitatu vinaweza kuchorewa ramani.

Ya pili ni Kwala, kwenye Mkoa wa Pwani, takribani kilomita 90 kutoka bandarini. Bandari kavu yake, yaani kituo cha makontena kilicho mbali na bahari, ya hekta karibu 500, ilizinduliwa 31 Julai 2025, siku ambayo pia usafirishaji wa mizigo kwa SGR, ile reli mpya ya kisasa, ulizinduliwa. Nia ni kontena liondoke bandarini kwa treni, na lori la Zambia au Kongo lilichukulie Kwala bila kuingia jijini kubanana na daladala kwenye barabara ya Mandela. Nchi jirani zimetengewa maeneo humo, na pembeni kuna ardhi ya viwanda. Kutoka Vigwaza kwenye barabara kuu hadi bandari kavu imejengwa barabara ya zege ya kilomita 15.5, kwa sababu lami ya kawaida isingestahimili magurudumu hayo. Hapo angalau reli, bandari, barabara na viwanda vilichorwa kwenye karatasi moja.

Lakini mizigo ikihama, ardhi iliyoachwa nyuma nayo ina watu. Kenya ilijifunza hili kwa uchungu. Agosti 2019 serikali iliamuru makontena yanayokwenda bara yasafirishwe kwa SGR kutoka Mombasa. Kwa aliyekaa Nairobi lilikuwa jambo la usafiri. Kwa Mombasa lilikuwa jambo la ardhi: yadi za makontena za Changamwe, Miritini na Jomvu, gereji, vibanda vya chai, vyumba vya kupanga vya madereva, vyote vilipata thamani yake kutokana na lori. Watu waliingia barabarani kuandamana, na Septemba 2022 rais mpya, William Ruto, akarudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Amri ile ilihamisha mitaa mizima bila kuugusa ukuta hata mmoja, na haikuandikwa na mpanga miji yeyote. Kurasini na barabara ya Mandela, Dar es Salaam, nazo zina yadi zao, na Kwala ikifanya kazi kama ilivyokusudiwa, mtu atalazimika kusema ardhi ile itafanya nini.

Kwa sasa macho yako upande wa pili. Fungua simu utafute viwanja vya Kwala. Matangazo ni mengi, na karibu kila moja linataja kwanza kiwanja kiko umbali gani kutoka bandari kavu. Kadiri umbali ulivyo mfupi ndivyo bei ilivyo juu.